Uso wa Mtu Si Kitu cha Kuokota

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari za picha. Hatusemi picha za kuchorwa kwa mkono, bali zile za kamera, ambazo wazee wetu waliziita sanamu. Na katika hizo twachagua namna moja tu: picha za watu ambao hawakujipanga mbele ya kamera. Mama apepeta mchele huku akicheka na jirani yake. Mzee ashona kiatu chini ya mwembe. Mtoto amelala usingizi juu ya daftari lake. Hakuna aliyewaambia: Simameni sawasawa, tazameni huku. Picha ya namna hii twaiita picha isiyopangwa.

Zamani jambo hili lilikuwa la watu wachache wenye kamera. Leo nyumba nyingi za mijini, na za vijijini pia, zina simu yenye kamera ndani yake, na kijana wa shule aweza kupiga kwa Jumapili moja picha nyingi kuliko zile alizopigwa babu yake maisha yake yote. Kwa hiyo swali hili limeingia katika jamaa zetu: Je, yafaa kumpiga mwenzetu picha asipojua? Ni lini tendo hilo ni jema, na ni lini lafanana na wizi? Tusijibu kwa haraka. Tutazame kwanza mambo haya yalivyoanza.

Kwa nini wazee walisimama kama nguzo

Fungueni sanduku ambamo jamaa huweka picha za zamani. Mtamwona babu amesimama wima, mikono imenyoka, koti limefungwa vifungo vyote. Bibi ameketi kitini, mikono juu ya magoti, wala hacheki. Watoto wa leo huona ajabu, wakauliza: Je, walikuwa na huzuni siku hiyo? Hapana. Walikuwa na sababu mbili.

Sababu ya kwanza yatoka katika kamera yenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliweka kamera yake kwenye dirisha la juu, akaielekeza kwenye njia kubwa ya mji wa Paris iitwayo Boulevard du Temple. Siku zile kamera ilihitaji dakika kadhaa za kupokea mwanga ili ipate picha moja. Katika dakika zile watu na farasi na magari walikuwa wakipita, lakini kwa kuwa hawakutulia mahali pamoja, hawakuacha hata alama. Ukiitazama picha ile leo, utadhani mji umehamwa. Penye kona moja tu laonekana umbo dogo la mtu aliyesimama, mguu mmoja ameuinua, kwa maana alikuwa akisafishwa viatu. Alitulia, basi akabaki. Jina lake halijulikani, lakini twafundishwa kwamba yeye na msafisha viatu wake ndio watu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera. Nao hawakujua lolote! Ni kusema kwamba picha ya watu iliyotangulia zote ilikuwa picha isiyopangwa.

Lakini mtu aliyetaka uso wake uonekane vema alipaswa kukaa kimya kama jiwe. Wapiga picha wa Ulaya waliweka hata chuma nyuma ya kichwa cha mteja, kimsaidie asitikisike. Kamera ziliendelea kuwa bora, hata sekunde moja ikawa nyingi mno, lakini desturi ya kusimama wima haikuondoka. Nayo ikafika kwetu pamoja na kamera.

Sababu ya pili ni heshima. Katika miaka ya 1950, mtu wa Lubumbashi au wa Bukavu aliyekwenda studio alikuwa ametoa fedha alizozitolea jasho. Filamu iliyotumiwa katika kamera nyingi za siku zile ilikuwa na nafasi ya picha 12 tu za mraba, na mpiga picha hakutaka kupoteza hata moja. Mtu alioga, akavaa nguo yake njema, akaazima saa ya rafiki yake kama hakuwa na yake. Kisha picha ilitiwa katika barua, ikaenda mbali kwa wazazi, iwaambie: Mimi ni mzima, kazi ninayo, msiwe na hofu. Basi msiseme kwamba picha ya kupangwa ni ya uongo. Inaonyesha jinsi mtu alivyotaka kukumbukwa, na hiyo ni haki yake. Zihifadhini picha zile.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho studio haikuweza kukipata. Ni nani kati yetu aliye na picha ya bibi yake akitwanga? Ni nani aliye na picha ya baba yake akirudi kazini, kofia mkononi, amechoka? Tunazo picha zao za sikukuu, lakini siku zao za kawaida zimepotea.

Kamera ndogo yabadilisha mambo

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kamera ndogo ya sanduku, jina lake Brownie, kwa bei ya dola moja. Watoto nao wakaweza kupiga picha. Kisha mwaka 1925, katika maonyesho ya Leipzig, Ujerumani, ikaonekana kamera iitwayo Leica. Ilitosha kuingia mfukoni mwa koti. Ilitumia filamu ya sinema, picha 36 moja baada ya nyingine, na iliweza kupokea mwanga kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde. Kwa kamera kama hiyo mtu anayetembea, anayecheka, anayeruka, aliweza kukamatwa bila kuambiwa asimame.

Ndipo wakatokea watu wa kazi hiyo. Mmoja alikuwa Erich Salomon, Mjerumani mwenye elimu ya sheria. Kuanzia mwaka 1928 aliingia katika mabaraza na mikutano ya wakubwa akiwa na kamera ndogo nyingine, iliyoweza kupiga kwa mwanga wa taa za chumbani tu, na mara nyingine akiificha. Katika mkutano wa Hague wa mwaka 1930 aliwapiga mawaziri usiku wa manane, miili imelegea vitini kwa uchovu. Watu wakastaajabu: kumbe hawa wakubwa wanaotawala mataifa husinzia kama sisi! Salomon alikuwa Myahudi, naye aliuawa na Wanazi katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944.

Mwingine alikuwa Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufa mwaka 2004. Yeye alifunika sehemu zote zenye kung'aa za Leica yake kwa rangi nyeusi, ili watu wasiione. Hakutumia taa ya kamera, maana aliona kwamba ni utovu wa adabu. Alingoja njiani mpaka mwendo wa mtu, mwanga na mahali vikapatana kwa nukta moja, akabonyeza mara moja, akaondoka. Kitabu chake cha mwaka 1952 kiliitwa Images à la sauvette. Wale wanaojua Kifaransa hawahitaji kuambiwa maana ya neno hilo. Ndivyo wasemavyo juu ya mchuuzi asiye na ruhusa, auzaye karanga huku macho yake yako pembeni asije akakamatwa. Jina hilo lachekesha, lakini pia latuonya. Hata mwalimu mkuu wa kazi hii alijua kwamba mpiga picha asiyeonekana yu karibu sana na mtu anayekimbia na kitu kisicho chake.

Upanga wa mfalme

Hapa kwetu Kongo tunayo picha moja ambayo yaonyesha vema faida ya kazi hii. Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alifika Léopoldville, mji ambao tangu mwaka 1966 waitwa Kinshasa. Alipita barabarani katika gari lisilo na paa, amesimama, amevaa sare nyeupe, na pamoja naye Rais Joseph Kasa-Vubu. Watu walijaa kando ya njia. Kati yao alikuwako Robert Lebeck, mpiga picha wa Kijerumani aliyetumwa na gazeti. Ghafula mtu mmoja aliyevaa koti na tai, jina lake Ambroise Boimbo, akalisogelea gari, akauchukua upanga wa mfalme, akakimbia nao. Lebeck akabonyeza. Boimbo alikamatwa upesi, na upanga ukarudishwa kwa mwenyewe. Mambo yote hayakupita dakika chache, lakini picha ile imebaki, na watu wa nchi nyingi waijua.

Tuulize sasa: Je, Lebeck aliiba? Hapana. Jambo lilitendeka mchana, katika barabara ya watu wote, mbele ya mkuu wa nchi moja na mkuu wa nchi nyingine. Lilikuwa jambo la taifa zima. Na hakuna mtu awaye yote ambaye angeweza kulipanga. Kama Lebeck angalisema: Tafadhali bwana, uchukue tena upanga polepole, pasingalikuwa na picha ya maana, bali mchezo wa kuigiza. Basi kanuni ya kwanza ni hii: jambo la watu wote, linalotendeka hadharani, laweza kupigwa picha bila kumwuliza kila mtu, maana linapasa kukumbukwa kama lilivyokuwa.

Mpiga picha aliyealikwa

Lakini wengi wetu hatutakutana na mfalme. Sisi twapiga picha jirani, wanafunzi wenzetu, watu wa soko na wa arusi. Kwao tumtafute mwalimu mwingine, naye ni Malick Sidibé wa nchi ya Mali.

Sidibé alizaliwa katika kijiji cha Soloba, akawa na studio yake katika mji wa Bamako, mtaa wa Bagadadji. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa mji wakaanzisha vyama vya kucheza muziki. Siku ya Jumamosi vyama hivyo vilimwalika Sidibé, naye alikwenda kwa baiskeli toka karamu moja mpaka nyingine, kamera begani. Kisha alirudi studio kusafisha filamu usiku. Picha zilibandikwa nje, vijana wakaja kujitafuta na kuchagua zile walizotaka kununua. Angalieni sana jambo hili: waliopigwa picha ndio waliokuwa wa kwanza kuziona. Kama Sidibé angaliwaaibisha, chama kingine kisingalimwita Jumamosi iliyofuata.

Picha yake yenye sifa kuliko zote ni ya mwaka 1963, nayo yaitwa Nuit de Noël, maana yake Usiku wa Noeli. Kijana wa kiume mwenye suti na msichana asiye na viatu wanacheza uwanjani. Vichwa vyao vimekaribiana, wote wawili wanatazama chini, kwenye miguu. Wale ni ndugu wa tumbo moja. Hawatazami kamera kabisa, wala hawana hofu nayo. Sidibé hakuwa amejificha. Alisimama karibu, na taa ya kamera yake ilimulika usiku ule, kila mtu akaiona. Walimsahau kwa sababu walimzoea na kumwamini. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2016.

Huku Kinshasa pia alikuwako mtu wa kazi hiyo, Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufa mwaka 1997. Alizunguka usiku katika mabaa na mahali pa dansi, akapiga picha za mwanamuziki Franco na za watu waliokuja kucheza. Leo yeyote atakaye kujua Kinshasa ya miaka ile ilivyovaa na ilivyofurahi, hana budi kuzitazama picha zake.

Basi kanuni ya pili: picha njema ya mtu asiyejipanga haimhitaji mpiga picha aliyefichwa. Yamhitaji mpiga picha aliyekubaliwa. Mlango ukifunguliwa, hakuna haja ya kuchungulia dirishani.

Penye maumivu

Sasa twafika mahali pagumu. Mwaka 1904, wakati nchi hii ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, baba mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwa wamisionari wa Kiingereza huko Baringa. Alichukua kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Bibi Alice Seeley Harris alimpiga picha ameketi barazani, amegeuka upande, anaitazama mabaki ya mtoto wake. Picha ile ilionyeshwa katika mikutano ya Ulaya na Marekani pamoja na nyingine nyingi, nazo zilisaidia kuyaamsha mataifa. Mwaka 1908 utawala ule wa Leopold ulikoma, nchi ikatwaliwa na dola ya Ubelgiji.

Picha ya Nsala haikupigwa kwa siri. Yeye mwenyewe alileta ushahidi wake, akakubali uonekane, kwa kuwa alitaka watu wajue. Huzuni ilikuwa yake, na neno lilikuwa lake.

Linganisheni na yale tunayoyaona siku hizi. Lori limepinduka njiani. Kabla mtu hajamfungulia majeruhi shati apate hewa, simu kumi zimekwisha kuinuliwa. Mama amepoteza mume, analia chini, kanga imemwanguka. Jioni ile uso wake umefika katika simu za watu wa miji mitatu, na watoto wake wauona huko. Mkimbizi anapanga foleni ya maji kambini. Mgeni ampiga picha karibu na uso, akaenda zake bila hata salamu. Mgonjwa yu kitandani hospitalini, hana nguvu ya kuugeuza uso wake. Watu hao hawakuleta ushahidi. Wamechukuliwa uso wao saa ile walipokosa mkono wa kujifunika.

Wengine watasema: Lakini ni kweli, mambo yalikuwa hivyo! Ndiyo, ni kweli. Hata aliyevuliwa nguo njiani ni kweli yu uchi, lakini mwenye utu humtupia nguo kwanza. Picha kuwa ya kweli hakutoshi. Yapasa pia tujue itamfaa nani. Kama yaweza kumletea msaada yule aliyepigwa, au haki yake, naye au jamaa yake wakubali, ipigwe. Kama itawafaa tu wale wanaotazama kwa kushangaa, simu irudi mfukoni, na mikono miwili ishike machela.

Mmarekani Walker Evans atufundisha jambo lingine. Kati ya mwaka 1938 na 1941 aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi za New York. Kamera aliificha ndani ya koti, kioo chake kikichungulia kati ya vifungo. Nyuso zile ni nzuri ajabu: watu wamechoka, wanafikiri, wamejisahau. Lakini Evans alijua kwamba amewatwaa wasipojua. Kitabu cha picha zile hakikutoka ila mwaka 1966, yaani miaka 25 baadaye. Leo kijana humpiga mtu picha ndani ya basi, na basi kabla halijafika kituo cha pili picha imekwisha kutumwa. Kupiga ni tendo moja, kutangaza ni tendo la pili. La kwanza laweza kusamehewa. La pili halina njia ya kurudi. Na Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa katika maisha yake ya faragha.

Shauri kwa watakao kujifunza

Tusiwaache vijana na makatazo tu. Kazi hii ni njema, nayo ina ufundi wake. Haya ndiyo machache tunayowashauri.

Kwanza, kaeni muda. Mpiga picha anayefika na kupiga mara moja hupata nyuso za watu wanaomtazama yeye. Salimieni, ketini, saidieni kumenya maharagwe ikibidi. Watoto watakuja mbele ya kamera, watatoa ulimi na kuinua vidole. Wapigeni hivyo, waonyesheni, wacheke. Baada ya robo saa watachoka nanyi, watarudi katika mchezo wao. Hapo ndipo kazi yenu yaanza. Subira huvuta heri.

Pili, fuateni mwanga. Katika nchi yetu jua la saa sita husimama juu ya utosi, na macho ya watu huwa mashimo meusi. Pigeni asubuhi mapema au kuelekea magharibi, au mwekeni mtu kivulini, mlangoni mwa nyumba, chini ya mti. Jihadharini na ukuta mweupe au mbingu angavu nyuma ya mtu mweusi: kamera hudanganyika na weupe ule, uso ukatoka giza tupu. Katika simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, ndipo kamera itapima mwanga wa uso wenyewe.

Tatu, tayarisheni kamera kabla. Anayetumia kamera ya filamu ya mm 35 yenye lenzi ya mm 35 aweza kuweka tundu la mwanga kwenye 8 na umbali kwenye mita 3. Hapo kila kitu toka kama mita 2 hadi mita 7 kitaonekana wazi, wala hatahitaji kuhangaika mtu akitokea ghafula. Kwa mtu anayetembea, sehemu 1 ya 250 ya sekunde yatosha. Kwa watoto wanaokimbia, 1 ya 500. Mwenye simu asivute picha kwa vidole ili kumleta mtu karibu, maana picha huharibika. Asogee kwa miguu yake. Kusogea huko kuna faida nyingine: anayesogea huonekana, na anayeonekana aweza kukataliwa.

Nne, tazameni mikono. Uso wa mtu anayejua kamera ipo hubadilika, lakini mikono inayofanya kazi haisemi uongo. Mkono wa fundi juu ya randa, wa mama juu ya paji la mtoto mwenye homa, wa mwanafunzi juu ya kalamu: mara nyingi hapo ndipo mtu alipo.

Tano, onyesheni na kuuliza. Mkiisha kupiga, nendeni kwa mtu mwenyewe: "Mama, nimekupiga picha ukiwa kazini. Tazama. Je, niiweke?" Mara nyingi atacheka, atawaita wenzake waje kuona. Akikataa, ifuteni mbele ya macho yake, wala msinung'unike. Kwa mtoto, waulizeni wazazi wake. Na mkimwahidi mtu nakala, mpelekeeni. Ahadi ni deni.

Sita, msipige picha ya askari, ya kambi, ya uwanja wa ndege wala ya daraja kubwa bila ruhusa. Wengine wamelala katika mahabusu kwa ajili ya picha moja isiyo na faida.

Na kama shauri hizi zote zikisahauliwa, kumbukeni kipimo hiki kimoja: Je, naweza kuichukua picha hii, niende nayo mpaka nyumbani kwa mtu huyu, nimpe mkononi mbele ya mama yake? Kama moyo wasema ndiyo, picha ni njema, hata kama alipigwa asipojua. Kama moyo wasita, mmekwisha kupata jibu.

Kazi ya juma hili

Kila mwanafunzi asomaye ukurasa huu achague mtu mmoja wa nyumbani mwake, hasa mzee. Amwambie asubuhi: "Bibi, leo nitakuwa na kamera. Usinijali, fanya kazi zako." Akikubali, akae naye mpaka bibi asahau. Apige kidogo, atazame sana. Jioni wachague pamoja picha moja, ile ambayo bibi mwenyewe atasema: Huyu ndiye mimi.

Kisha picha hiyo ichapishwe kwenye karatasi, maana simu huanguka majini, huibiwa, hufa, na picha hufa nayo. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, aandike jina kamili la bibi, jina la kijiji au mtaa, mwaka, na kazi aliyokuwa akiifanya. Kuna picha nyingi za zamani za watu wetu katika nyumba za makumbusho za Ulaya, ambazo nyuma yake hapana jina lolote. Zetu zisiwe hivyo.